Jumapili Isiyo na Soko

Kisumu, Desemba 30, 2007.

Saa 12 asubuhi. Ziwa limetulia. Ufukweni Dunga mitumbwi imerudi na omena kidogo, na wanunuzi ni wachache kuliko samaki. Jumapili ndiyo siku kuu ya soko la Kibuye. Wiki nyingine yoyote, saa hii barabara iendayo Kakamega ingekuwa imefurika mikokoteni, marobota ya mitumba na wanawake wenye makarai vichwani. Leo kuna majivu ya matairi yaliyochomwa jana, na nyaya zake zimejikunja barabarani. Mama mmoja muuza omena anatandika gunia lake hata hivyo, pale pale anapoketi miaka yote. Samaki hawangoji serikali, anamwambia jirani yake. Kufikia saa 2 amekwisha kulikunja.

Saa 3 asubuhi. Kura za urais zilipigwa Alhamisi. Ijumaa matokeo yalimiminika na mji ukakesha ukiimba; Jumamosi yakaanza kudondoka kwa tone, pengo kati ya wagombea wawili likasinyaa, na maduka ya katikati ya mji yakavunjwa. Kondele, kinyozi mmoja ana daftari la shule ambamo ameandika kila jimbo kadiri linavyosomwa redioni. Anajumlisha. Hesabu yake haikubaliani na ile inayosomwa. Anakata mstari, anaanza upya. Vijana wanane wamekaa kwenye benchi lake tangu alfajiri na hakuna aliyekuja kunyolewa.

Saa 6 mchana. Manyatta, katika uwanja wenye vyumba sita vya mabati, fundi cherehani anashona sketi za shule. Januari inakaribia, na Januari ndiyo mavuno yake. Ametoka Mkoa wa Kati akiwa kijana. Watoto wake mapacha wamezaliwa hapa na wanazungumza Kijaluo zaidi kuliko lugha ya babu yao. Mwenye nyumba, mjane wa makamo, anasimama mlangoni.

“Baba Pacha, funga mapema leo.”

“Mama, zimebaki sketi nne tu.”

“Nimesema funga, mwanangu.”

Anafunga. Sketi ya buluu inabaki chini ya sindano.

Saa 9 alasiri. Kadi za simu zimeadimika. Dukani ile ya shilingi mia inauzwa kwa bei apendayo mwenye duka, na watu wanainunua, kwa sababu kila mmoja ana ndugu Nairobi, Nakuru au Eldoret. Lori linashusha askari karibu na stendi ya mabasi. Mmoja wao ni kijana wa miaka ishirini na kitu, hajawahi kuliona ziwa hili. Anaulizia jina la mtaa ulio ng'ambo ya reli. Hakuna mwenzake anayelijua.

Karibu saa 12 kasorobo jioni. Sauti inatoka katika chumba kidogo Nairobi. Ukumbi mkubwa umegeuka kelele tupu na waandishi wengi wametolewa nje. Kura 4,584,721 kwa mmoja, 4,352,993 kwa mwingine. Tofauti ni 231,728. Kondele, kinyozi anaziandika tarakimu zote mbili kwa mwandiko safi, chini kabisa ya ukurasa. Kisha anainua macho. Benchi liko tupu.

Saa 12 na dakika ishirini hivi. Kiapo kinaapwa kwenye bustani ya ikulu, mbele ya wageni wachache. Kisumu jua halijazama bado; liko juu tu ya vilima vya ng'ambo ya ghuba. Kati ya tangazo na kiapo haijapita saa nzima. Watu waliosubiri siku tatu bila kuambiwa sababu ya kusubiri, sasa hawakupewa hata muda wa kupika chakula cha jioni kabla ya mambo kwisha. Mengi yatasemwa baadaye juu ya kura zenyewe. Juu ya hii saa moja husemwa machache, nami naona ndiyo iliyoubeba usiku wote uliofuata. Mtu akiambiwa kesho kuna mahali pa kwenda kulalamika, huenda akalala. Jioni hii, vichochoroni hakuna anayeutarajia mlango wa mahakama.

Saa 1 usiku. Matangazo ya moja kwa moja yamepigwa marufuku. Redio iliyokuwa ikizungumza usiku na mchana sasa inapiga muziki, na muziki huo unatisha kuliko habari yoyote. Moshi unapanda kutoka katikati ya mji. Nyalenda sufuria zinagongwa. Nyumbani kwa muuza omena, koroboi imekauka. Anafunga noti ya shilingi hamsini kwenye pindo la shati la kitinda mimba wake, mwenye miaka kumi na mitano, na kumpa chupa.

“Nenda kibandani kwa nyanyako, urudi mbio. Usipite barabara kubwa.”

Kibanda kiko hatua mia mbili. Mvulana anapita vichochoroni kama alivyoambiwa.

Saa 2 usiku. Milio inaanza upande wa Kondele, kwanza ile mizito ya gesi ya machozi, kisha mingine, mikavu, ya karibu karibu. Vijana wanarusha mawe na kukimbilia vichochoroni. Askari wanawafuata kwenye giza wasilolijua. Yule kijana aliyeshuka kwenye lori anaona kivuli kikikimbia. Ameona vivuli vingi tangu jioni, na kimoja kilimpasua paji la uso kwa jiwe. Mabati hayazuii risasi. Katika chumba kimoja mtu aliyeketi akila ugali anainama juu ya sahani yake, na mkewe anadhani anaficha kichwa.

Saa 3 na nusu. Kundi linafika kwenye uwanja wa Manyatta. Wengine wana mapanga, mmoja amevaa viatu vipya visivyolingana. Mjane ameketi kwenye kigoda mlangoni, taa ya chemli miguuni. Anawatambua watatu, mmoja alimbeba mgongoni alipokuwa mchanga.

“Yuko wapi fundi?”

“Ameondoka jana.”

“Na ndani mna nani?”

“Wajukuu zangu wamelala. Nani kati yenu anataka kuwaamsha?”

Anayajibu hayo kwa Kijaluo, polepole, kama anayeulizwa bei ya nyanya. Ndani, kwenye mkeka mmoja, wamelala watoto watano. Wawili ni mapacha. Fundi na mkewe wako nyuma ya magunia ya makaa na hawapumui. Wale vijana wanasimama muda mrefu. Kisha mwenye viatu visivyolingana anasema twende, na wanaenda mahali pengine, ambapo huenda hapana mjane wala kigoda.

Saa 5 usiku. Hospitali kuu ya mkoa, ile ambayo wenyeji hawaiiti ila Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Wanaletwa kwa mkokoteni, kwa baiskeli, kwa mlango uliong'olewa. Muuguzi wa zamu anaandika: mwanamume, umri kama miaka 20, jina halijulikani. Anaandika tena hivyo hivyo mstari unaofuata. Anapowageuza, jeraha dogo aghalabu liko mgongoni na kubwa liko mbele. Jengo hili lina kumbukumbu zake. Lilifunguliwa rasmi Oktoba 25, 1969, na sherehe yenyewe ikaishia kwa mawe na risasi. Serikali ya wakati ule ilihesabu waliokufa kuwa 11, na wazee wa mji huu hawajawahi kuikubali hesabu hiyo. Muuguzi alikuwa hajazaliwa mwaka huo. Mama yake ndiye aliyekuwepo, kwenye umati.

Karibu saa 6 usiku. Mwezi nusu unachomoza upande wa Ahero. Katikati ya mji, mzee mwenye duka la vitambaa yuko juu ya paa na wanawe. Babu yake alifuata reli kutoka Bara Hindi, na reli ilipokoma kando ya ziwa, naye akakoma hapo. Chini duka linaungua. Anaijua kila jora kwa harufu ya moshi wake: pamba, nailoni, sufu. Hasemi neno.

Saa 11 alfajiri, Jumatatu. Fundi anafuata kichochoro cha kuelekea kituo cha polisi, pacha mmoja mgongoni mwake, mwingine kwa mkewe, kanga ya mjane ikiwa imewafunika vichwa. Mjane anatembea mbele yao na ndoo tupu, kama aendaye kuteka maji. Cherehani imebaki. Kituoni tayari pana mamia waliolala chini ya ukuta, na wengine wanaendelea kuja.

Saa 4 asubuhi. Nje ya chumba cha maiti cha Russia foleni ni ndefu na haina kelele. Muuza omena amezunguka vichochoro vyote tangu kulipopambazuka. Kibandani, nyanya amemwambia hakumwona mtoto. Anaingizwa ndani. Wamelazwa sakafuni kwa sababu meza zimejaa. Wa saba au wa nane ni wake. Hagusi uso. Anapiga magoti, anashika pindo la shati na kulifungua fundo alilolifunga mwenyewe. Ile hamsini imo.

Saa 12 jioni. Mji uko chini ya kafyu. Ndio usiku wa mwaka mpya.

*

Miezi miwili inapita nchi nzima ikiwa hivyo, hadi mkono wa upatanisho unaposhikwa mwishoni mwa Februari 2008. Tume iliyochunguza inahesabu vifo 1,133, kati yake 405 vya risasi. Watu zaidi ya laki tatu wameyahama makazi yao. Kuhusu Kisumu, inaandika lile ambalo muuguzi alilijua usiku ule ule, kwamba wengi walipigwa risasi kutoka nyuma. Magazeti yanauita mkasa wote “ghasia”. Ni neno dogo kwa mvulana aliyetumwa mafuta ya taa.

Funzo moja limeandikwa mahali ambapo wengi hawalioni, katika vifungu vikavu vya sheria. Katiba ya 2010 inatoa siku 7 za kupeleka malalamiko juu ya kura ya urais na siku 14 za mahakama kuamua. Rais mteule asipopingwa, huapishwa Jumanne ya kwanza baada ya siku ya 14 tangu atangazwe. Kiapo kinaapwa hadharani. Sheria iliyofuata ikataja hata saa, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Aliyeisoma sheria hiyo bila kuijua jioni ile atashangaa kwa nini wabunge wajishughulishe na mshale wa saa. Funzo jingine halijatimizwa: askari atumwe mahali anapojua majina ya vichochoro, na redio isinyamazishwe watu wakiwa gizani. Hayo mawili yanasubiri bado.

Muuza omena amerudi Kibuye. Jua likielekea ghuba, hata kama wateja wamejaa, analikunja gunia.

Fundi anarudi Manyatta mara moja tu, katikati ya mwaka, kuchukua mali yake. Mjane amekuwa akiipaka cherehani mafuta na kuifunika kwa kanga. Sketi ya buluu iko pale pale chini ya sindano, mshono umefika katikati. Fundi anavuta kiti. Mjane anamletea chai na kumwacha. Anaushona hadi mwisho, anakata uzi kwa meno, anaikunja sketi na kuiweka kitandani kwa mama huyo, kwa kuwa mwenyewe anamjua mtoto aliyeiagiza. Kisha anaanza kufungua nati za meza ya cherehani.