Santuri na Wasikilizaji Wake: Nafasi ya Wapenzi wa Muziki katika Historia ya Kiswahili

Historia ya muziki wa Afrika Mashariki imeandikwa aghalabu kwa kuwafuata wanamuziki, bendi na kampuni zilizorekodi nyimbo. Msikilizaji hutajwa kama mnunuzi tu, mtu wa mwisho katika safari ya wimbo. Mhadhara huu unashikilia rai tofauti. Wapenzi wa muziki walioazimana santuri, waliobishana barazani juu ya mwimbaji bora, na walionakiliana kanda, walikuwa washiriki katika kuujenga muziki huo. Fauka ya hayo, sehemu ya ushahidi anaouhitaji mtaalamu wa lugha imehifadhiwa na wao, wala haimo katika santuri zenyewe.

Mfano wa kwanza ni Siti binti Saad. Mwaka 1928 mwimbaji huyu, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alisafiri hadi Bombay kwenda kurekodi kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Taarab ya kasri ya Sultani ilikuwa imezoea Kiarabu. Santuri za Siti zilikitoa Kiswahili cha Unguja nje ya kisiwa, kikafika Mombasa na miji ya bara. Gramafoni ilikuwa ghali, na wengi hawakuweza kuimiliki. Kwa hiyo santuri moja ilisikilizwa na watu wengi kwa pamoja, mikahawani na mabarazani. Usikilizaji wa namna hiyo hauwi wa kimya. Ushairi wa taarab una mafumbo, na fumbo huita ufafanuzi: nani kasemwa, kwa jambo gani, na neno lile wenyeji wa Unguja hulitumia kwa maana ipi. Kuusikiliza wimbo kulikuwa pia kuufasiri.

Hapa panajitokeza jambo ambalo wachambuzi wa matini hawana budi kulizingatia. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ulichukua takriban dakika tatu tu. Wimbo wa taarab ukumbini au harusini, pamoja na utangulizi wa ala, viitikio na mishororo inayorudiwa kwa kuwaridhisha waliohudhuria, huchukua muda mrefu zaidi ya huo. Mbele ya chombo cha kurekodi, mwimbaji alilazimika kupunguza. Mtafiti anayenakili maneno ya santuri na kuyahesabu kuwa ni shairi kamili, anakichukua kipande kuwa kitu kizima. Beti zilizoachwa, kama zilisalia, zilisalia vinywani mwa wapenzi waliousikia wimbo kwa mwimbaji mwenyewe na kuuhifadhi kwa ghibu.

Wapenzi hao hawakufungwa na aina moja ya muziki. Kuanzia mwaka 1933 kampuni hiyo hiyo ilitoa mfululizo wa santuri uliojulikana kwa herufi GV, ambao ndani yake mlikuwamo muziki mwingi wa Kikuba, na santuri hizo ziliuzwa sana barani Afrika. Kihispania hakikuwa lugha ya wasikilizaji, lakini lahani na mapigo yalieleweka. Mjini Morogoro, Salum Abdallah alianzisha bendi iliyoitwa La Paloma, kwa jina la wimbo mashuhuri wa Kihispania. Baadaye bendi yake ikajulikana kwa jina la Cuban Marimba. Majina yote mawili ni kumbukumbu ya usikilizaji. Kabla ya kuwa kiongozi wa bendi, Salum Abdallah alikuwa mpenzi wa santuri, na alichokisikia katika lugha asiyoijua alikirudisha kwa mashairi ya Kiswahili. Hali kadhalika rumba ya Kongo, iliyochota katika kisima hicho hicho cha Kuba, ilipendwa na watu wasiojua Kilingala. Mipaka ambayo vitabu huichora baina ya taarab, dansi na rumba ilikuwa myepesi kuvukwa na mtu aliyekuwa na santuri za aina zote tatu katika kasha moja.

Redio iliupanua ushirika huu. Tanzania ilikaa kwa muda mrefu bila kiwanda cha kuchapa santuri, na nyimbo nyingi za bendi zilirekodiwa katika studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam bila ya kuuzwa madukani. Mpenzi wa NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, au wa Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, aliungojea wimbo hewani. Mashabiki wa Msondo na wale wa Sikinde walishindana vijiweni kwa hoja: nani mtunzi hodari, na gitaa la nani limesema kweli. Kwa kadi za salamu, msikilizaji aliandika jina lake, mahali alipo na orodha ya ndugu na marafiki awatakao wasikilize pamoja naye. Kadi hizo zilizaa utanzu wa maneno wenye kanuni zake, uliosomwa hewani kwa Kiswahili kimoja na kusikika katika nyumba ambazo lugha ya mama ilikuwa nyingine.

Kisha ikaja kaseti. Mombasa inatoa mfano ulio wazi. Juma Bhalo alijulikana kwa lahani zilizotoka katika filamu za Kihindi, ilhali mashairi yake mengi yalitungwa na Ahmad Nassir Juma Bhalo, bingwa wa Kimvita. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, alishika udi na kufuata njia iliyo karibu zaidi na Uarabuni. Wasikilizaji walibishana ni ipi iliyo taarab ya kweli, na ubishi huo ulitaka kila upande uwe na kanda za kutolea ushahidi. Nyimbo zilirekodiwa harusini, zikanakiliwa katika maduka kama Mbwana Radio Service, zikasafiri kwa jamaa hadi nchi za Ghuba. Kaseti ya dakika 60 au 90 iliweza kubeba kile ambacho santuri ilikikata: beti zote, vigelegele, na mahali hasa ambapo hadhira ilishangilia. Kwa mchunguzi wa maana, shangwe hiyo ni maelezo ya pambizoni yaliyoandikwa na wasikilizaji.

Msamiati nao unashuhudia. Santuri iliitwa pia sahani, kwa umbo lake. Kibao, kidogo cha ubao, kikapata maana ya wimbo unaotamba. Neno ukanda, ambalo wingi wake ni kanda, limepoteza kiambishi chake katika uwanja huu: watu husema kanda hii na kanda hizi, nomino ikiwa imehamia ngeli nyingine. Mageuzi haya hayakuamuliwa na kamati yoyote ya istilahi. Yalitokana na watu waliokuwa na haja ya kuazima, kurudisha na kudai walichoazima.

Siti binti Saad alifariki mwaka 1950, Salum Abdallah mwaka 1965, Juma Bhalo mwaka 2014 na Zein l'Abdin mwaka 2016. Sauti zao zingalipo, na leo hupitishwa kutoka simu moja hadi nyingine, mara nyingi bila jina la mtunzi, la mpiga udi wala mwaka. Kilicho hatarini zaidi ni ujuzi wa wale waliozisikiliza sauti hizo zilipokuwa mpya. Mzee anayeweza kusema kwamba ubeti huu haumo katika santuri, au kwamba fumbo hili lilimlenga fulani, ni chanzo kisicho na nakala. Wanafunzi wa Kiswahili wamefundishwa kuutafuta mswada kabla haujaliwa na mchwa. Inafaa wafundishwe pia kukaa na msikilizaji, kuupiga wimbo mbele yake, na kuandika anachokisema baada ya muziki kunyamaza.