Siku ya kukausha kijito: siku zetu zilikuwa za nani?

Bandugu wa muungano, wenzetu walio Canada wanapenda kututumia picha za watu wameketi juu ya mto uliogeuka barafu. Wametoboa shimo, wanapiga masimulizi, wanangoja samaki. Huku watu wanacheka: mto unakuwaje sakafu? Lakini ukiwaza vizuri, jambo ni lilelile. Kuna kipindi cha mwaka ambapo mto unabadilika, na marafiki wanapatana: kesho hakuna shamba, kesho ni mtoni. Obokote nayo ina siku yake. Vitabu vyetu vya shule viliandika reli na vita, siku hii havikuiandika. Basi tuiandike.

Tuanze na mahali. Obokote ni moja ya sekta mbili za teritware ya Lubutu, nyingine ni Bitule. Ni nchi ya Wakumu, msitu mzito, karibu kabisa na ikweta. Hatuna kiangazi kirefu kama wenzetu wa Kasongo. Mvua inapungua tu, mara mbili kwa mwaka: kuelekea Januari na Februari, tena kuelekea Juni na Julai. Mto mkubwa kama Lowa, unaoingia Lualaba, haujali. Vinavyopungua ni vijito vya msituni. Maji yanashuka, samaki wanabaki katika vishimo na chini ya mizizi. Hapo ndipo bamama wanaitana.

Kazi yenyewe si mchezo. Wanachagua kipande cha kijito, wanafunga juu na chini kwa miti, majani na udongo, kisha wanaanza kuchota maji na kuyatupa nje, kwa beseni, sufuria, hata kitunga kilichopakwa udongo. Ukuta wa juu ukipasuka, kazi yote inarudi sifuri. Ndiyo maana hakuna mtu anayekausha kijito peke yake. Wengine wanachota, wengine wanalinda ukuta, batoto wanakimbilia kaa. Maji yakiisha, wanaingiza mikono katika matope na mashimo, kwa roho juu, maana humo kunaweza kuwa na nyoka. Anayetafutwa zaidi ni kambale. Huyu ana kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo hata maji yakibaki kidogo sana yeye bado yuko hai, anangoja mvua. Jioni samaki wanagawanywa. Wengine wanafungwa katika majani na kuwekwa juu ya makaa, kile ambacho Kinshasa wanaita liboke, na lituma iko pembeni.

Desturi hii si ya Wakumu tu. Iko kwa Walega na katika vijiji vingi vya msitu wa Kongo. Wanaume wana mitego yao, migono na ndoana, lakini kukausha kijito ni kazi ya wanawake. Nadhani hiyo ni sababu moja ya wasafiri wa zamani kuiona bila kuiandika. Waliwaandika zaidi Wagenya na mitumbwi yao, na ile mitego mikubwa ya Boyoma, pale Kisangani. Hiyo inaonekana kwa mbali. Mama aliyeinama ndani ya matope haonekani.

Sasa njooni kwenye historia. Siku hiyo inataka vitu vitatu: kijito chenye uhai, watu wanaoaminiana, na siku iliyo yako mwenyewe. Hiki cha tatu ndicho tulichonyang'anywa mara nyingi.

Mara ya kwanza ni wakati wa misafara ya pembe na watumwa. Tarehe 15 Julai 1871, Livingstone alikuwa Nyangwe, juu ya Lualaba, siku ya soko. Watu wa mtoni walileta samaki, wa bara walileta mazao, na wengi wao walikuwa wanawake. Watu wa wafanyabiashara wakaanza kupiga bunduki. Mamia walikufa, kwa risasi na kwa kuzama. Baadaye misafara hiyo ilifika hata Boyoma. Mwanamke anayeogopa kutekwa hawezi kwenda kuinama kijitoni tangu asubuhi mpaka jioni, mgongo ukielekea njia.

Mara ya pili ni mpira wa Léopold. Katika sehemu nyingi za msitu wanaume walitumwa kutafuta mpira, na wake zao walishikwa rehani mpaka mzigo utimie. Ripoti ya Casement ya 1904 na ile ya tume ya uchunguzi ya 1905 zilisema wazi. Mwaka 1908 Ubelgiji ilichukua nchi, lakini kazi ya lazima haikuisha. Toka 1917 yakaja mazao ya lazima. Baadaye sheria ikahesabu siku 60 kwa mwaka kwa kila mwanaume mzima, na mwaka 1942, kwa ajili ya vita vya Wazungu, zikawa 120. Siku 120, bandugu! Ni theluthi ya mwaka. Mwanaume akiondoka kwenda mpira, barabara ao mgodi, shamba na nyumba vinabaki juu ya mgongo wa mke wake. Siku ya kijito ingetoka wapi?

Mwaka 1944 Wakumu wa upande wa Lubutu na jirani zao wa Masisi waliinuka, katika uasi wa Kitawala ulioongozwa na Bushiri. Serikali ilituma askari, watu wengi wakauawa. Wengi wanaueleza uasi ule kwa dini tu. Dini ilikuwemo, ndiyo. Lakini chini ya dini kulikuwa na hesabu ya siku. Mtu aliyechoka kuhesabiwa siku zake alitaka zirudi.

Halafu yakaja yale tunayoyakumbuka sisi wenyewe. Vita vya 1996 na 1998 viliwasukuma watu wa Maniema msituni. Huko hakuna soko. Wanaojua kukausha kijito walijua pa kupata mboga. Elimu ambayo tuliita ya kijiji ililisha hata wenye diploma.

Na leo? Leo siku tunazo, lakini kijito chenyewe ndicho kinachokufa. Mustikeri ya kuzuia malaria inageuzwa wavu, na matundu yake hayaachi hata kitoto cha samaki. Wengine wanamwaga sumu: dakika chache, kila kitu kinaelea, pamoja na kile ambacho kingezaa mwaka kesho. Mashimo ya dhahabu yanageuza maji kuwa uji mwekundu. Kukausha kwa mikono kulikuwa na kipimo ndani yake: unafunga kipande kimoja, unachoka, unarudi nyumbani, sehemu nyingine inabaki kupumzika. Kijito kilikuwa na wenyewe, na mgeni aliomba ruhusa. Sumu haichoki na haiombi ruhusa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenzangu. Kila mwaka tunaandika TFC nyingi, nyingi zinafanana. Mmoja wetu achukue kijiji kimoja cha Obokote, akae na bamama wazee, aandike majina ya vijito vyote, nani alikuwa na haki juu ya kipande gani, kilikaushwa mara ngapi, na miaka gani hakikukaushwa kabisa. Hiyo miaka mitupu itatuambia nani alikuwa amechukua siku zao. Hakuna archive ya Brussels yenye orodha hiyo. Iko katika vichwa vya bibi zetu, na wao hawangoji tufanye defense.