Akina Mama Waliofuma Simba Wakati wa Vita

Nilipopewa ukurasa wa historia katika kijitabu hiki cha miaka kumi, wenzangu walidhani nitaandika habari za mikopo. Hizo ameziandika Katibu. Mimi naandika juu ya vitambaa, maana hisa zetu za kwanza zilitokana na kufuma vitambaa vya makochi.

Agosti 1914, mwanzo wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliivamia Ubelgiji. Ndio haohao waliokuwa wanatutawala sisi huku, na vituo vyao pale Musoma na Shirati. Babu zetu wakachukuliwa upagazi, wengi hawakurudi. Ubelgiji nako kulikuwa na wanawake kama 50,000 walioishi kwa kufuma lesi kwa mkono. Si kwa sindano moja kama sisi, la! Mfumaji ana mto mbele yake, anachomeka pini, kisha anapishanisha nyuzi zilizozungushwa kwenye vijiti vidogo vingi. Kitambaa cha ukubwa wa kiganja ni kazi ya siku nyingi.

Waingereza wakafunga bahari ili adui asipate kitu. Uzi ukakosekana, chakula nacho hivyohivyo. Ndipo tume ya msaada ya Herbert Hoover, ambaye mwaka 1929 alikuja kuwa Rais wa Marekani, ikapatana nao: uzi uingie, lesi itoke ikauzwe nje. Sharti likawa uzito. Uzi ulioingia kiasi fulani, lesi itoke kiasi hichohicho. Mweka Hazina wetu angewapenda watu hawa.

Sasa fikiria, ndugu msomaji. Askari wa adui yuko barabarani, na mama ndani anafuma simba wa Ubelgiji, jogoo wa Ufaransa, ngao za nchi rafiki na majina ya majimbo yao. Wapo wasemao ilikuwa mbinu ya kuvutia wanunuzi tu. Mimi naona njaa na uzalendo vilipita kwenye uzi mmoja.

Lakini tusiwasifu wote. Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliingia Tabora, nao pia wakakamata watu wetu kuwabebesha mizigo.

Baada ya vita lesi ya mashine iliharibu soko. Vitambaa vingine vimehifadhiwa katika makumbusho Washington, na mara nyingi jina la mfumaji halipo. Sisi, tangu kitambaa cha kwanza, daftari letu lina jina la aliyekifuma, kando ya bei.