Jina na Dhana: Historia Fupi ya Upasuaji wa Unene, Kisukari na Figo

Katika kazi ya kusanifu istilahi za utabibu, mara kwa mara tunakutana na jina ambalo dhana yake imekwisha kulipita. Mfano mmoja ni "upasuaji wa kupunguza unene". Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi historia ya upasuaji huo, hasa kuhusu kisukari na figo, ili mfasiri aone kwa nini jina hilo halitoshi tena.

Mwaka 1954 A. J. Kremen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walieleza upasuaji wa kuunganisha sehemu ya juu ya utumbo mwembamba na sehemu yake ya mwisho, na kuacha sehemu kubwa ya katikati bila kazi. Chakula hakikufyonzwa vya kutosha, na mgonjwa alikonda. Lakini madhara yaliziangukia figo. Mafuta yasiyofyonzwa yalishikamana na kalsiamu ndani ya utumbo. Oksaleti, ambayo kwa kawaida hufungwa na kalsiamu hiyo na kutoka na choo, ilibaki huru, ikaingia katika damu na kuganda katika figo. Baadhi ya wagonjwa walipata vijiwe. Wengine figo zao zilishindwa kabisa kufanya kazi. Upasuaji huo hatimaye uliachwa.

Mwaka 1966 Edward Mason na Chikashi Ito wa Chuo Kikuu cha Iowa walianza njia nyingine: walitenga sehemu ndogo ya tumbo na kuiunganisha na utumbo mwembamba. Nia ilikuwa ile ile ya kupunguza uzito. Hata jina la kitaalamu la fani hiyo lilitokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "uzito" na "tabibu".

Jambo lisilotazamiwa lilijitokeza katika kisukari. Mwaka 1995 Walter Pories na wenzake wa Greenville, North Carolina, walitangaza kwamba kati ya wagonjwa 146 wa kisukari waliopasuliwa kwa njia ya namna hiyo, 121 walikuwa na sukari ya kawaida katika damu. Tena, sukari ilishuka katika siku chache, kabla uzito haujapungua sana. Pamoja na mgonjwa kula kidogo, chakula hufika upesi katika sehemu ya chini ya utumbo na kuamsha homoni zinazosaidia utoaji wa insulini. Kwa sababu hiyo, mwaka 2007 chama cha wapasuaji wa fani hiyo cha Marekani kiliongeza neno "umetaboli" katika jina lake.

Historia ya figo nayo iligeuka. Katika utafiti uliofanywa Brazili na kutangazwa mwaka 2020, wagonjwa 100 wenye unene, kisukari na dalili za awali za ugonjwa wa figo waligawanywa makundi mawili. Baada ya miezi 24, protini katika mkojo ilirudi kiwango cha kawaida kwa asilimia 82 ya waliopasuliwa, na asilimia 55 ya waliotibiwa kwa dawa tu. Hata hivyo, hatari ya vijiwe vya oksaleti haijatoweka kabisa.

Kutokana na hayo tunapendekeza "upasuaji wa umetaboli" pale lengo la tiba linapokuwa kisukari, na "upasuaji wa unene" pale lengo linapokuwa uzito.

Lipo jambo zito zaidi. Wafasiri wengine huandika kwamba kisukari "kimepona". Utafiti wa Sweden uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba miaka 2 baada ya upasuaji karibu asilimia 72 ya wagonjwa wa kisukari waliochunguzwa hawakuwa nacho tena. Baada ya miaka 15 ilikuwa karibu asilimia 30 tu. Basi ugonjwa huo haukupona, bali ulitulia, kama bahari itulivyo bila kuacha kuwa bahari. Yafaa tuandike "kisukari kilichotulia". Mgonjwa aliyesoma katika cheti chake kwamba amepona haoni sababu ya kurudi kupimwa damu na mkojo, na figo huharibika kimya kimya. Hapo kosa la neno moja huwa kosa la tiba.