Chai ya Pinki, Magadi ya Kajiado

Ukitaka kuuza vinywaji Kitengela, ushauri hautakupungukia. Tafuta kona yenye watu, chukua leseni ya kaunti na cheti cha afya, weka bei ambayo mtu hatajikuna kichwa. Kitu ambacho hakuna anayekuambia ni uandike nini ubaoni, na mimi hapo ndipo nilikaa wiki mbili nzima. Biashara yangu ni ndogo: meza moja ya kukunja, jiko la gesi, sufuria mbili na thermos, wikendi pekee, leo Kitengela, Jumamosi ijayo Isinya. Nauza doodh patti, lassi na chai ya Kashmir, ile ya pinki. Marafiki wanasema, "Si uandike tu Chai ya Pakistan, yaishe?" Shida ni kwamba ukifuata historia ya vikombe hivi vitatu, jina hilo linapwaya.

Tuanze na reli. Kati ya 1896 na 1901, Waingereza walileta wafanyakazi karibu 32,000 kutoka India waliyokuwa wakiitawala, waje kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Wengi walikuwa Wapunjabi, na Karachi ilikuwa bandari yao ya kuondokea. Karachi leo iko Pakistan, sawa, lakini nchi yenyewe ilizaliwa Agosti 1947. Mwaka 1899, reli ilipokatiza nyanda za Kapiti na Athi, hapa pua na mdomo na Kitengela ya sasa, hakukuwa na mtu duniani aliyejiita Mpakistani. Wafanyakazi karibu 2,500 walikufa. Kama 6,700 walibaki baada ya kazi kuisha. Wao, pamoja na wafanyabiashara waliokuja kwa njia zao wenyewe, ndio walioacha jikoni mwetu chapati ambayo bila hiyo Krismasi ya Kenya haijakamilika.

Lakini usikimbilie kusema walituletea na chai. Wanakijiji wengi wa Punjab wakati huo hawakuwa wanywaji wa chai. Walikunywa maziwa, na walikunywa lassi, yaani maziwa ya mgando yaliyopigwapigwa na maji na chumvi kidogo, au sukari. Chai ilikuwa bidhaa ya Waingereza kwanza. Iliingia nyumba za kawaida za India katika karne ya 20, kampuni za chai zilipofanya kampeni kubwa kuwafundisha watu kuinywa. Huku kwetu, miche ya kwanza ilipandwa Limuru mwaka 1903, na kwa miongo mingi kilimo hicho kilikuwa cha walowezi. Kwa hivyo Mpunjabi na Mkenya walifundishwa chai na bwana mmoja, karibu wakati mmoja. Kisha kila mmoja akaigeuza atakavyo: akatupa ile birika ya kistaarabu, akachemsha majani, maziwa na sukari pamoja kwenye sufuria. Doodh ni maziwa, patti ni majani. Mteja akiuliza doodh patti ni nini, namwambia ni chai ya maziwa matupu, kama ile ya shosho akiwa na ng'ombe aliyezaa juzi.

Na leo mzunguko umefunga kabisa: Pakistan ndiyo mnunuzi mkubwa zaidi wa chai ya Kenya, na imekuwa hivyo kwa miaka mingi. Majani yanapigwa mnada Mombasa, yanapakiwa kwa wingi, yanavuka bahari ile ile waliyovuka mafundi wa reli, lakini kinyume. Kikombe cha Karachi kina jasho la Kericho ndani yake.

Chai ya pinki nayo ni hadithi nyingine. Asili yake ni Kashmir, ambayo sasa imegawanywa kati ya India na Pakistan, na pande zote mbili wanainywa. Unachemsha majani ya kijani muda mrefu na chembe ya magadi mpaka maji yawe mekundu kama damu ya mzee. Unatia maji baridi, unapiga kwa upawa, unainua na kumwaga, unainua na kumwaga, mkono unauma. Ukiongeza maziwa, inakuwa pinki. Bila magadi hakuna rangi.

Sasa, magadi. Mimi natumia ile ya pakiti ya dukani, kwa sababu mawe ghafi ya ziwani huwa na floridi nyingi. Lakini ukiishi Kajiado huwezi kutamka neno hilo bila kufikiria Ziwa Magadi. Mwaka 1911 kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa, na reli ya tawi ikajengwa kutoka Konza, kupitia Kajiado, hadi ziwani. Mwaka huo huo wa 1911, Wamaasai walisainishwa mkataba wa pili na kuhamishwa kutoka Laikipia kuja huku kusini. Walienda kortini. Mwaka 1913 kesi ikatupwa: eti mkataba ulikuwa kati ya mataifa mawili, kwa hivyo mahakama ya koloni haikuwa na uwezo wa kuusikiliza. Yaani ulikuwa taifa siku ya kusaini tu.

Mama anayeniuzia maziwa Isinya alionja kikombe, akakitazama sana.

"Mwanangu, hii rangi umeitoa wapi?"

"Ni magadi, mama."

"Na maziwa ni yangu."

"Ni yako, mama."

"Basi hii chai nusu ni ya kwetu. Hiyo nusu utanilipa lini?"

Alicheka, lakini hakuwa anatania sana. Alipoonja lassi ya chumvi, akasema ni kule naoto iliyosahauliwa kwenye kibuyu kisichofukizwa vizuri. Kule naoto ni maziwa ya mgando ya Kimaasai. Alikuwa anaikosoa kama mtu anayekosoa upishi wa mkaza mwana wake, si chakula cha mgeni.

Julai 2017 serikali ilitambua Wakenya wa asili ya Kiasia kama kabila la 44. Ni karibu miaka 120 baada ya reli kupita hapa. Wengine walifurahi, wengine wakauliza kwani walikuwa nini miaka hiyo yote. Mimi naona swali la ubao wangu ni lile lile kwa herufi ndogo: ukimwita mtu mgeni, unajisamehe deni lake. Ukisema kila kitu ni chetu, unafuta jina la aliyekileta.

Kwa hivyo ubao una mistari mitatu. Doodh patti: majani ya Kericho. Lassi: Punjab, maziwa ya Isinya. Chai ya Kashmir: rangi ya magadi. Neno Pakistan liko chini, pale ninapoandika nani ananunua chai yetu. Na mama wa maziwa sasa namlipa shilingi kumi zaidi kwa lita. Anasema bado hiyo si nusu.