Kauri Katika Injini za Ndege: Kitu na Jina Lake

Miongoni mwa istilahi zilizotufikia kwa uamuzi imo ile ya vifaa vinavyotiwa ndani ya injini za ndege za siku hizi, ambavyo lugha za Ulaya huviita kwa neno lililotokana na Kiyunani *keramos*, yaani udongo wa mfinyanzi. Mfasiri mmoja alituletea “injini ya udongo”. Tulicheka, kisha tukakiri kwamba kosa halikuwa lake peke yake, kwa kuwa hatukuwa tumempa neno.

Katika injini ya jeti, kadiri gesi inavyozidi kuwa moto ndivyo mafuta yanavyotoa kazi zaidi. Lakini gesi hiyo hupita katika turbaini, yaani gurudumu la mapanga, na mapanga hayo hufanywa kwa aloi za nikeli, madini yayeyukayo kwenye sentigredi 1,455. Gesi ya leo hupita kiwango hicho. Mapanga husalimika kwa kupozwa na hewa ipitishwayo ndani yake, nayo hewa hiyo huchotwa kutoka katika kazi ya injini yenyewe.

Si ajabu basi kwamba mafundi walianza mapema kutamani kitu kisichoogopa tanuri. Wajerumani, walioishiwa nikeli na kromi wakati wa Vita Kuu ya Pili, walijaribu mapanga ya namna hiyo. Wamarekani nao walijaribu katika miaka ya 1940. Yalivunjika. Chuma kikielemewa hupinda kwanza. Kauri hupasuka ghafla kama sahani, na aghalabu chanzo chake ni dosari ndogo isiyoonekana kwa macho.

Njia mbili zilipatikana baadaye. Ya kwanza ni kukipaka chuma utando mwembamba wa oksidi ya zirkoni ili kukikinga na joto. NASA iliujaribu utando wa aina hiyo katika injini ya J75 mwaka 1976, na sasa ni jambo la kawaida. Ya pili ndiyo iliyotushughulisha. Mwaka 1975 Seishi Yajima wa Japani na wenzake walieleza jinsi ya kutengeneza nyuzi nyembamba za kabidi ya silikoni. Nyuzi za namna hiyo hulazwa ndani ya kauri ya aina ileile. Msomaji aliyekulia katika nyumba ya fito na udongo hahitaji maelezo marefu: ukuta huweza kupata ufa usianguke, kwa kuwa fito zimeushika. Kauri hiyo huvumilia sentigredi zipatazo 1,300, na uzito wake ni kama theluthi ya aloi za nikeli. Iliingia katika safari za abiria mwaka 2016 ndani ya injini ya LEAP, katika vipande vinavyolizunguka gurudumu la mapanga. Injini ya GE9X, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, inayo pia katika chumba cha kuchomea mafuta. Yafaa kusema wazi kwamba vipande hivyo havizunguki; mapanga yazungukayo katika turbaini za injini hizo bado ni ya chuma.

Kuhusu jina, “kigae” tulilikataa mara moja, maana ni kipande cha chungu kilichovunjika, au kifaa cha kuezekea. Wenzetu wengine walipinga “kauri” kwa kuwa ni simbi ya pwani. Ni kweli; lakini watu wetu walikwisha kuliazima neno hilo kwa vyombo vya Kichina, kama yale mabakuli yaliyopachikwa katika nguzo za makaburi ya Kunduchi. Waitalia nao walifanya vivyo hivyo: *porcellana* lilikuwa jina la simbi hiyohiyo kabla ya kuwa jina la vyombo.

Shirika la Ndege la Tanzania lilipokea Boeing 737 MAX 9 mwaka 2023, nayo huendeshwa kwa injini za LEAP. Fundi akiandikiwa “kauri” tu, hatajua kama ana chuma kilichopakwa au kipande kizima chenye nyuzi, na ukaguzi wa kimoja si ukaguzi wa kingine. Kwa hiyo tumeandika kadi tatu: *kauri*, *utando wa kauri*, na *kauri yenye nyuzi*. Wahandisi wawili tuliowaonyesha bado wanataka “seramiki”, na kadi zao tumeziweka kando ya zetu mpaka kikao kijacho.