Kindle kwa mtu wa Mandawa: ununue au ubaki na simu yako?

Wadau wa Ruangwa na Nachingwea, mshiko wa ufuta au korosho ukiingia ndo tunaanza kupigia hesabu vifaa. Kuna vijana wanaulizia vile vya kusomea vitabu tu, Kindle, Kobo na jamaa zake. Jibu nalitoa mapema: kama unatafuta vitabu vya shule vya Kiswahili, usinunue. Kama ni msomaji wa riwaya za Kiingereza na umeme kwenu ni wa kubahatisha, cha mtumba kinaweza kukufaa.

Kioo chake siyo kama cha simu. Ndani kuna chembe ndogo mno nyeusi na nyeupe, umeme unazisogeza pale unapofungua ukurasa mwingine. Ukurasa ukishatulia, kioo hakili chaji. Na kwa kuwa unaonekana kwa mwanga wa nje kama karatasi, mchana kweupe shambani unasoma bila shida, wakati simu lazima uikinge na kiganja. Sony walitoa cha aina hii Japani mwaka 2004, Amazon wakaja na Kindle mwaka 2007 kwa dola 399. Kindle ya kawaida ya mwaka 2024 ilianza kuuzwa dola 110, tena kwa bei ya Marekani. Usafiri, ushuru na cha juu cha muuzaji wa Dar bado hapo!

Kwenye chaji muwe macho. Amazon wanasema wiki 6, ila hesabu yao ni ya kusoma nusu saa kwa siku, waifai imezimwa. Zidisha mwenyewe: saa 21. Anayejiandaa na mtihani, saa 3 kila siku, anaimaliza ndani ya wiki moja. Simu haifiki huko, lakini wiki 6 usizitegemee.

Shida hasa ni vitabu. Vingi tunavyorushiana wanafunzi ni PDF za kupiga skani, na kwenye kioo cha inchi 6 herufi zinakuwa kama sisimizi. Vitabu vya kiada vya TET vipo kwenye maktaba mtandao yao, bure, ila vina picha na rangi, kwa hiyo kompyuta ya kafe inavifaa zaidi. Project Gutenberg wana vitabu zaidi ya 70,000 vya bure, vingi vya Kiingereza na vya zamani. African Storybook wana hadithi za Kiswahili, lakini za watoto.

Vya kununua navyo vina mambo yake. Julai 2009 Amazon walifuta nakala za 1984 na Animal Farm (ile Shamba la Wanyama) ndani ya Kindle za watu waliokwisha kulipa. Pesa walirudisha, na bosi wao akaomba radhi. Halafu Februari 2025 wakaondoa njia ya kushusha kitabu ulichonunua kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya. Kwa sisi watu wa flashi hilo ni pigo, bana.

Ndo maana mi naipendelea Kobo, inasoma faili za EPUB moja kwa moja ukiziingiza kwa waya. Kindle kwa waya inazikataa, mpaka uzigeuze kwa programu ya bure inaitwa Calibre. Ipo ya kubeba kwenye flashi, inafanya kazi kafe bila kuisimika kwenye mashine ya watu.

Halafu kuvunjika. Ghana, shirika la Worldreader liligawa Kindle mashuleni mwaka 2010, na katika majaribio yale zaidi ya theluthi moja ziliharibika, hasa vioo. Fundi wa simu mtaani usitegemee awe na kioo cha kubadilisha.

Kabla ya kutoa hela, tafuta kwanza vitabu 5 unavyovitaka kweli, uvipate kwa EPUB, usome kimoja mpaka mwisho kwenye simu hiyohiyo. Umevikosa? Hela irudi mfukoni. Umevipata na unakwenda kwa muuzaji wa mtumba? Mwambie akiondoe kifaa kwenye akaunti ya mwenyewe wa kwanza, mbele yako. Akianza kubabaika, kinaweza kuwa cha wizi.